Kaseti Iliyoandikwa Hesabu

Jamani, leo nimeadhirika. Si kazini, si sokoni. Sebuleni kwetu, Magomeni ya hapa Mtwara, mbele ya mama yangu mzazi na mgeni aliyevuka mto kuja kutuona.

Naandika kutoka kafe ya mtandao ya hapa mjini, macho yamenivimba. Dada wa kaunta ananitazama kama mtu aliyepewa talaka leo asubuhi. (Sijaolewa, kwa hiyo angalau hilo limenipita.) Nina saa moja tu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza vichekesho vyenu, maana nawajua.

Kwa wageni wa jukwaa hili: mimi ndiye Dija, mwalimu wa hesabu, yule mwenye kompyuta ya mjomba. Wakongwe mnaifahamu. Ndogo, nyeusi, vitufe vya mpira, haina hata kioo chake. Unaichomeka kwenye televisheni. Programu zake zinakaa kwenye kaseti za kawaida, zile zile za muziki. Unapachika redio kaseti kwa waya, unabonyeza, mashine inapiga makelele dakika tano, ndipo kitu kinatokea kwenye kioo. Vijana wenye flashi hawataamini. Basi wakae nalo hivyo hivyo.

Mjomba Rashidi, kaka yake Mama, alikuwa baharia. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alimpa mwenzake wa meli sanduku alilete Mtwara, akasema yeye atafuata. Sanduku likafika. Mjomba hakufika. Aliugua huko huko ughaibuni, wakamzika huko huko. Ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Palma, alikuwa ameacha mke mwenye mimba changa. Kisha vita ya kule ikafunga njia, habari zikakatika, tukabaki na sanduku.

Ndani ya sanduku ndimo ilimokuwa kompyuta. Nilijifunzia hapo, peke yangu, kwa kijitabu nisichokielewa nusu yake. Ualimu wangu wa hesabu ulianzia pale. Mwaka tisini na tatu umeme ulikuja kwa nguvu siku moja, mashine ikatoa moshi, nikalia siku mbili. Nikaifunga kwenye kanga na kuisukumia uvunguni.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa samaki wakavu alituletea habari kwamba yule mtoto wa Mjomba yupo. Binti, anaitwa Anifa, mama yake ameshafariki. Tukapata namba ya simu. Mama alizungumza naye Kimakonde, simu inakatika, anapiga tena, inakatika. Kila akimpata alimrudishia neno lile lile: njoo, nina amana ya baba yako. Anifa alikuwa na picha moja tu ya baba yake, na alikuwa hajawahi kuwa na kitu kingine chochote cha mtu huyo.

Mimi kusikia amana, nikajua ni kompyuta. Nini kingine kilikuwa kimebaki? Mashati ya Mjomba yalishachakaa, viatu vya meli alivimaliza kaka yangu Bakari. Sikumuuliza Mama. Niliona nitamfanyia jambo la ghafla: mgeni akifika, akute amana ya baba yake inawaka.

Mliobaki humu mnajua nilivyoteseka. Nilibadilisha kapasita zote, vile vipande vidogo vinavyotunza umeme. Nililehemu mpaka nikaunguza kitambaa cha meza cha Mama (nikaweka kibao cha picha juu yake, mpaka leo hajui, msimwambie). Nikatafuta utando mpya wa vitufe miezi minne. Na mwishowe nikaongeza kumbukumbu, kutoka kilobaiti kumi na sita hadi arobaini na nane. Siku ile ilipokubali niliruka sebuleni peke yangu. Nilitangaza hapa kwa herufi kubwa, mkanipongeza, nikavimba kichwa.

Kumbukumbu ikishakuwa kubwa unataka kuijaza. Nikachora picha ya Mjomba, nukta kwa nukta, kutoka kwenye kitambulisho chake cha ubaharia. Wiki sita. Pua ilitoka kama bibo la korosho, lakini kofia ilikaa vizuri. Chini yake nikaandika: KARIBU ANIFA. HII NI KOMPYUTA YA BABA YAKO.

Ikabaki kaseti ya kuhifadhia. Nani anauza kaseti tupu Mtwara siku hizi? Nilizunguka maduka, nikaenda mpaka Mikindani, wote wananionyesha sidii. Ndipo nikakumbuka kopo la biskuti la Mama. Tangu redio yake ife, na ni miaka minane sasa, kopo lile halifunguliwi. Mama alikuwa uani anabangua korosho. Nikamwambia nachukua kaseti moja ya zamani.

Akasema, "Chukua, ila maulidi usiguse."

Sikugusa maulidi. Mnaona? Nina adabu. Kulikuwa na za maulidi nne, mawaidha mbili, harusi ya Bakari moja. Na moja, kwa mwandiko wa Mama, kalamu nyekundu, imeandikwa HESABU.

Nikacheka. Nikadhani ni vipindi vya redio vya shule, vile vya zamani, ambavyo labda Mama alinirekodia nikiwa mdogo. Nilisema hesabu zote zimo kichwani mwangu, hii haina kazi. Nikaijaribu kwenye redio yangu: sekunde kumi, kimya, mvumo tu. Sekunde kumi! Mimi ninayewagombeza wanafunzi kwa kuchukua sampuli ndogo. Nikaamua haina kitu.

Yale meno mawili ya juu, yanayozuia kurekodi, yalikuwa yamevunjwa. Nani anavunja meno ya kaseti ya hesabu? Sikujiuliza. Nikaziba mashimo kwa karatasi na selotepu, kama tulivyofanya sote enzi hizo, nikarekodi.

Na sasa nyie. Nilipouliza humu nihifadhi vipi, mlinijibu kwa kauli moja: nakala nyingi. Bwana mmoja wa Likombe (anajijua) akaandika kwamba nakala moja ni sawa na hakuna. Mimi ni mtu wa kusikia ushauri. Nikajaza upande mzima. Nakala sita, kila moja karibu dakika tano, na katikati nikasogeza mkanda mbele kidogo ili zisigusane. Nikajaribu ya kwanza tu, ikapakia vizuri, nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Sasa leo.

Anifa amefika kabla ya adhuhuri. Alivuka Ruvuma jana, akalala kwa watu Kilambo, pale mpakani, asubuhi akapata lifti kwenye lori la chumvi. Mwembamba, mrefu, ana begi moja na kuku mmoja wa zawadi. Mama alikuwa amepika wali wa nazi, na ming'oko, vile viazi vya porini, amechemsha toka alfajiri, kwa sababu Mjomba alikuwa akipenda ming'oko kuliko chakula kingine. Alipomwona mgeni mlangoni hakumwambia karibu. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule, kama anachagua papai. Kisha akakaa chini pale pale kizingitini, akajifunika mtandio.

Tulikula. Jirani yetu Mama Tatu alikuja kuazima chumvi na hakuondoka. Anifa anaongea Kiswahili taratibu, anachanganya Kimakonde na vineno vya Kireno, lakini utani anaujua. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako, na hakupoteza muda. Aliniuliza kwa nini mwalimu mzima sina mume. Je, nimewapigia wanaume hesabu, wakakosa? Mama alicheka mpaka akakohoa. Nikawaza, leo ni siku nzuri.

Baada ya kunawa nikasimama. Jamani, nilijiandaa. Nilitoa kitambaa juu ya televisheni kwa madaha, nikachomeka waya, nikapachika kaseti, nikatoa hotuba fupi kuhusu kapasita. (Hakuna aliyeiomba.) Nikabonyeza.

Mlio ule mnaujua, unatoka tumboni mwa kompyuta yenyewe. Kwanza king'ora, kisha mchanga unamwagwa kwenye bati. Mama Tatu akaziba masikio. Kuku wa zawadi akaanza kuhangaika kule jikoni. Dakika tano tumekaa, wanawake wanne, tunatazama mistari ya rangi inakimbia pembeni mwa kioo. Kisha kimya, na Mjomba Rashidi akatokea, na kofia yake, na pua yake.

Anifa alisogea mpaka karibu kabisa na televisheni. Akasoma jina lake kwa sauti, herufi moja moja. Akagusa vitufe vya mpira kwa ncha ya kidole, akaniuliza kama baba yake aliwahi kuvigusa hivi hivi. Nikamwambia ndiyo. (Vitufe ni vya zamani, utando wa chini tu ndio mpya. Sikudanganya.) Machozi yalimtoka. Yakanitoka na mimi. Nilijisikia mtu wa maana sana, na naomba mlikumbuke hilo kwa yanayofuata.

Mama akanipongeza. Akasema kazi nzuri mwanangu, Mungu akulipe. Kisha akainuka.

"Sasa nikamletee amana yake," akasema.

Nikamwambia, Mama, amana si hii?

"Hiyo mashine," akasema Mama. "Amana ni baba yake mwenyewe."

Akaingia chumbani. Nikasikia kopo la biskuti linafunguliwa. Nikasikia kaseti zinagongana, anazitoa moja moja, anazirudisha. Mimi nimesimama na waya mkononi.

Akatokea mlangoni na kopo.

"Dija, iko wapi ile ya Hesabu?"

Nilitazama redio kaseti. Mama naye akaitazama.

Ndipo akaeleza, na alimweleza Anifa, si mimi, kwa Kiswahili ili Mama Tatu naye asikie. Kwamba kwenye sanduku lile kulikuwa na kaseti. Mjomba hakuwa mtu wa kuandika. Alikuwa anakaa na redio huko melini anazungumza, nusu saa nzima, upande mmoja unajaa, halafu anaituma kaseti kama barua. Ile ilikuwa ya mwisho. Alimzungumzia mkewe na mtoto aliye tumboni. Kuipeleka ng'ambo wakati wa vita haikuwezekana, basi yeye akaitunza, akiisikiliza usiku sisi watoto tumelala. Akavunja meno yake isirekodiwe. Lakini nyumba hii ilikuwa na Bakari na rafiki zake, waliokuwa wanarekodi muziki juu ya kila kitu, meno hawajali, wanaziba kwa karatasi.

"Nikaandika Hesabu," akasema Mama. "Nani angeigusa hesabu?"

Mnaelewa? Katika nyumba nzima, katika mtaa mzima, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeona neno hilo akanyoosha mkono. Na mtu huyo Mama alimzaa mwenyewe.

Nilipiga magoti. Nilisema nimerekodi juu yake. Nilisema nilidhani tupu, nilisikiliza, palikuwa kimya. Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba Mjomba alikuwa mwoga wa kuanza. Kila kaseti alikaa kimya kwanza, anapumua, mpaka amalize aibu yake. Zile sekunde kumi zangu alikuwa yeye, anajiandaa kutusalimia.

Mama Tatu alisema jambo kuhusu kudra ya Mungu.

Anifa hakulia. Aliuliza kama yote imekwenda. Hapo nikakumbuka zile nafasi. Katikati ya nakala na nakala nilisogeza mkanda mbele bila kurekodi. Sikuwahi kuzisikia kwa sababu waya ukichomekwa spika ya redio inazima. Nikachomoa waya, nikarudisha mkanda mwanzo. Nikabonyeza.

Mlio. Sasa bila kompyuta, kwenye spika yenyewe, ni mbaya zaidi. Nikataka kupeleka mbele, Mama akanizuia mkono. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho amefumba. Akaanza kuzungumza. "Asalaam alaykum dada yangu na wote wa nyumbani. Mimi mzima, hofu kwenu. Tuko bandarini siku ya nne, mvua haikatiki..." Alikuwa anaikariri. Juu ya kelele zangu, bila kupaza, alikuwa anamwambia Anifa maneno ya baba yake, moja baada ya jingine.

Kisha mlio ukakatika, na mwanamume akasema, karibu kabisa, kana kwamba amekaa kwenye kochi letu: "...siyo baridi ya kwetu hii, inaingia mpaka kwenye meno, nimevaa soksi za watu watatu..."

Mlio.

Anifa alikuwa amejiziba mdomo. Mama aliendelea pale kaka yake alipoachia. Tulikaa hivyo. Dakika tano Mama, sekunde tano Mjomba. Nafasi ya pili ilikuwa kikohozi na kijiko kinakoroga chai. Anifa aliomba turudishe, tukarudisha. Akakisikiliza kile kijiko mara tatu. Ya tatu nilitamani ardhi inimeze: "...huyo Dija mwambieni mashine asiiogope, akiiharibu ataitengene..."

Ikakatwa hapo. Na mimi.

Ya nne, Mjomba alikuwa amepunguza sauti. "...tumboni humo. Akiwa wa kiume shauri lenu. Akiwa wa kike, tafadhali sana, mwiteni..."

Mlio.

Tulimgeukia Mama. Alikuwa amenyamaza. Kwa mara ya kwanza toka tuanze, midomo haikutembea. Nakala yangu ya tano ilipiga kelele mpaka mwisho, dakika zote tano, na hakuna aliyejikuna. Ikaja nafasi ya mwisho, Mjomba akasema "...basi naona mkanda unaisha, nisameheni palipo na kasoro..." na ile ya sita ikamfunika.

"Jina gani, shangazi?" akauliza Anifa.

"Hapo nilikuwa nalia," akasema Mama. "Kila nikifika hapo nalia. Sikuwahi kusikia vizuri. Nilijua nitasikiliza tena."

Nimekuwa mwalimu miaka tisa. Nimeanguka ubaoni, nimepasuka sketi kwenye mahafali. Sijawahi kutamani kutokuwepo mahali kama nilivyotamani pale. Nimeongeza kumbukumbu ya mashine mara tatu na nimefuta ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa bado hata hajapewa.

Anifa alikaa akitazama televisheni. Picha ilikuwa bado ipo. Ile pua, ile kofia, na jina lake chini.

"Basi alisema mwiteni Anifa," akasema.

Mama akamvuta kichwa akamlaza mapajani. Huko mapajani ndiko Anifa alikonitafuta kwa jicho moja, mtani yule, macho yamejaa maji, akasema, "Dada, umenifutia baba. Mimi nakuchukulia mama." Mama Tatu akacheka, akaona haya, akajiziba na upande wa kanga. Mimi sikuweza.

Nilipotoka kuja huku walikuwa wamerudisha mkanda mwanzo. Nimesikia mlio wangu mpaka barabarani, na katikati yake sauti ya Mama, anaanza tena na salamu. Anifa anakaa nasi wiki mbili. Mama amesema atamfundisha yote, ili akirudi aweze kuikariri mwenyewe.

Basi ndiyo hayo. Ushauri wenu niliufuata neno kwa neno, kwa hiyo asicheke mtu. Uso wa Mjomba ninao, nakala sita, na pua yake kama bibo. Anayetaka moja nitamtumia.